Petroli bila plagi: iipokonye dizeli nafasi yake?

Wakuu, naleta mada. Kuna injini inayochoma petroli kwa mgandamizo, kama dizeli: hewa ikibanwa inapata joto la kuwasha mafuta bila cheche ya plagi. Saudi Aramco, Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden na maabara ya Argonne ya Marekani wote wameifanyia utafiti. Mimi naiunga mkono.

Dizeli ina haraka. Ikitoka tu kwenye nozeli inashika moto, haijapata hata nafasi ya kuchanganyika na hewa. Pale mafuta yalipojaa na hewa ni haba, masizi yanazaliwa; pale moto ulipo mkali zaidi, zinazaliwa oksidi za naitrojeni, gesi chafu. Ukibana kimoja, kingine kinapanda. Petroli inachelewa kuwaka, na kuchelewa huko kunaipa muda wa kuchanganyika. Ukirudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda kupoza moto, vyote viwili vinashuka.

Juzi gereji tumeletewa pikapu ya dizeli iliyotumika ng'ambo. Chujio la masizi limekatwa, bomba limechomelewa juu juu. Nilipitisha kidole ndani ya ekzosi, kikatoka cheusi tii. Nataka usafi uanzie ndani ya silinda, mahali ambapo msumeno haufiki.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, petroli ya okteni 95 (okteni ni kipimo cha mafuta kustahimili kubanwa bila kujiwasha) imetengenezwa makusudi isijiwashe. Asubuhi ya baridi, au injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, itamisi, na petroli isiyoungua itatokea ekzosi. Halafu haina ulainisho wa dizeli. Pampu ya presha kubwa italika.

Mtoa mada: La baridi ni kweli. Mazda walipotoa Skyactiv-X mwaka 2019 walibakiza plagi isaidie mgandamizo. Ila watafiti wametumia pia mafuta ya okteni kama 70, karibu na nafta (zao jepesi la mafuta ghafi), yanayohitaji usindikaji mdogo kiwandani. La pampu nakubali, bado kuna kazi.

Mchangiaji wa pili: Okteni 70 utaijaza sheli gani? Na lori likipanda mlima na mzigo, mchanganyiko ule utawaka kwa mkupuo, injini igonge. Afrika Mashariki tulishaweka kikomo cha salfa kwenye dizeli, sehemu 50 kwa milioni, tangu 2015. Dizeli safi na chujio zima vinatutosha.

Mtoa mada: Chujio zima, sawa. Mwenye pikapu nilimshauri alirudishe. Aliuliza bei, akawasha gari akaondoka. Huyo tunamfanyaje, mkuu?