Naenda Manchester Septemba: ni kweli jua huko halionekani?

Mwana_Temeke:
Salaam wakuu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Manchester. Tangu habari zienee, ukoo mzima umegeuka mamlaka ya hali ya hewa. Baba mdogo anasema Uingereza mvua hainyamazi na jua hulisikia kwenye redio. Mama keshanunua gamboti, miavuli miwili na koti la manyoya la mtumba linalokula nusu ya begi. Mlioko huko naombeni ushauri: nibebe nini, niache nini?

Shangazi_Salford:
Hongera mdogo wangu, begi nalo nalipa pole. Manchester hupata mvua ya milimita 830 hivi kwa mwaka. Dar ni kama 1,100. Ndiyo, kwenu ndiko kunakonyesha zaidi! Ila masika ya Dar inamwagika mara moja, Jangwani panafurika, kesho yake watu wanaanika nguo. Huku hizo milimita wamezigawa kwa siku zaidi ya 140. Ni rasharasha, inakatika, inarudi, wala huisikii kwenye paa. Unafika darasani ndipo unagundua miwani imejaa matone.

Miavuli yote miwili iache. Upepo ukiupindua mara moja, vyuma vimekwisha. Nunua hukuhuku koti jepesi lisilopitisha maji, lenye kofia.

Kilosa_Boy:
Kumbe tumepigwa kamba miaka yote hii 😂

Babu_Ipswich:
Si kamba, ni kwamba watu wanaisema Uingereza kama kijiji kimoja. Upepo unatoka Atlantiki umebeba unyevu, ukigonga milima ya magharibi unapanda, unapoa, unamwaga mzigo hapo. Seathwaite kule Cumbria hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Sisi wa mashariki tunabakiwa na makombo. Pwani ya Essex kuna sehemu zinapata 500 na kitu, mvua za Dodoma hizo.

Na ule ukungu mzito wa London mnaouona kwenye filamu za zamani, sehemu kubwa ulikuwa moshi wa makaa ya mawe. Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, ndipo ikaja sheria ya hewa safi mwaka 1956.

Nesi_Leicester:
Mmekazana na mvua wakati shughuli ni giza. Desemba hapo Manchester jua linachomoza saa mbili na ushee asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Hapo katikati wingu likiamua kukaa wiki nzima, ndiyo basi tena. Usingizi hauishi, hamu ya kufanya kitu inapotea, unaanza kumhisi mtu nyumbani kakufanyia jambo. Hujarogwa. Toka nje mchana hata kama kumefunga. Serikali yao inashauri vitamini D mikrogramu 10 kwa siku msimu wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Supamaketi zipo, bei ya kawaida.

Lingine: usianike nguo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Ukuta utaota kuvu jeusi na mwenye nyumba atakudai wewe.

Mwana_Temeke:
Asanteni sana. Mama nimemsomea, miavuli karidhia. Koti la manyoya ndiyo kagoma.

Shangazi_Salford:
Mwambie likilowa halikauki, litanuka chumba kizima. Vaa nguo nyepesi mbili tatu kwa kupandishana, juu lile koti la mvua. Januari mara nyingi ni nyuzi 2 hadi 7. Theluji ikianguka mjini hata wenyeji wanapiga picha.

Babu_Ipswich:
Na ukifika Juni tafuta feni mapema. Tarehe 19 Julai 2022, kijiji cha Coningsby, huku mashariki, kilifika nyuzi 40.3, na nyumba hizi zimejengwa kutunza joto, AC hakuna. Madukani feni zilikwisha.

Mwana_Temeke:
Feni? Uingereza? Hiyo kwa baba mdogo siipeleki, atasema nimeanza kutumia vitu.