Gitaa la Rory Gallagher: kuwekwa makumbusho ni heshima au tumelizika?

SANTURI KUUKUU (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima mbele. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Oktoba 2024, leo nalitema.

Kwa asiyemjua, Rory Gallagher alikuwa mpiga gitaa wa bluzi na roki kutoka Ireland. Alizaliwa Ballyshannon mwaka 1948, akakulia Cork. Mwaka 1963, kijana wa miaka 15, aliingia duka la muziki la Crowley's hapo Cork akatoka na Fender Stratocaster ya mwaka 1961, mtumba, pauni 100 kwa mkopo. Mama yake aliposikia bei alishika kichwa. Kijana akajitetea kwamba kwa gitaa hilo atapiga solo na ridhimu peke yake, kwa hiyo bendi haitahitaji mpigaji wa pili. Kila aliyewahi kuomba hela ya gitaa nyumbani anaufahamu uongo wa namna hii. Wa Rory uligeuka kuwa kweli.

Hakuliacha. Alilipiga mpaka umauti ulipomkuta London, Juni 1995, akiwa na miaka 47. Jasho lake lilibandua rangi, mbao ikabaki wazi kama mlango wa jahazi kuukuu.

Baada ya karibu miaka 30 familia ikaamua kuuza vyombo vyake kwenye mnada wa Bonhams, London. Huko Ireland kukawaka: mali ya taifa haiwezi kupigiwa nyundo Uingereza! Mpaka Micheál Martin, mwanasiasa mkubwa wa huko na mtu wa Cork, akasema hadharani serikali ifikirie kulinunua. Mwishowe Live Nation Gaiety, waandaaji wa matamasha, wakalichukua kwa pauni 889,400 na kulitoa zawadi kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi sikupiga. Chombo kilichofanya kazi miaka zaidi ya 30, kikalowa jasho kila usiku, leo kimewekwa mahali ambapo hata kukigusa ni kosa. Kwangu hilo ni jeneza la kioo. Mwaka 2011 Dónal, mdogo wake Rory aliyekuwa pia meneja wake, alimwazima Joe Bonamassa, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, gitaa lile lile, akapanda nalo jukwaani Hammersmith Apollo. Ukumbi ulilisikia likinguruma. Makumbusho watathubutu? Karibuni tubishane, matusi pembeni.

NYUZI SITA

Shikamoo mzee Santuri. Mada tamu, ila hapo kwa Bonamassa umejifunga goli mwenyewe. Jamaa ni fundi, hilo halina ubishi, na gitaa alishika lenyewe. Je, alisikika kama Rory? Alisikika kama Bonamassa. Basi ile sauti unayoililia kwamba imefungiwa kabatini haikuwamo kwenye mbao tangu mwanzo.

Naifuatilia sauti hii muda mrefu, nikueleze ilivyokuwa ikipikwa. Rory enzi za bendi yake ya Taste, na mwanzoni mwa miaka ya 70, alichomeka Stratocaster kwenye kiboksi kinaitwa Dallas Rangemaster, kisha kwenye amplifaya ya Vox AC30. Ndani ya kile kiboksi mna transista moja tu, ya madini yaitwayo jerimaniamu, na kazi yake ni kukuza sauti za juu. AC30 ina chaneli ambayo ukiitumia peke yake inatoa sauti nzito kidogo, kama mtu anaongea na blanketi mdomoni. Rangemaster inalitoa blanketi, halafu inazisukuma valvu za amplifaya mpaka zinaanza kukwaruza. Ukwaruzaji ule ndio asali.

Utamu zaidi uko kwenye kidole chake cha mwisho. Kitufe cha sauti cha Stratocaster kiko karibu kabisa na nyuzi, kwa hiyo Rory alikuwa anakizungusha huku anapiga. Akikishusha, sauti inakuwa safi kama maji ya kisima. Akikipandisha, moto. Hakuwa na ule msururu wa vibonyezo vya miguuni. Humo mna vidole na sikio, na vyote viwili vimelala makaburini Ballincollig. Makumbusho wamepata ganda tu, na ganda likae kabatini, halina madhara.

SANTURI KUUKUU

Marahaba. Umenipiga, lakini hujaniangusha. Kama ni ganda, mbona yeye mwenyewe hakulibadilisha? Angeweza kununua kumi kama hayo. Liliibwa Dublin miaka ya 60, likapatikana baada ya siku kadhaa, na inasimuliwa kwamba lilikuwa limetupwa mtaroni. Akalirudia na kuapa hataliachia tena.

MHAMIAJI WA CORK

Kaka Santuri, mimi naishi huku, niko kwenye kazi za hospitali, mwaka wa tisa sasa. Ngoja nikwambie kinachoonekana ukiwa chini.

Hapa katikati ya mji kuna kiwanja kidogo kinaitwa Rory Gallagher Place. Watoto wanakaa pale wanakula chipsi, nusu yao hawajui huyo ni nani. Ballyshannon kuna sanamu yake tangu 2010, na Januari 2025 Belfast nao wakasimamisha ya kwao nje ya Ulster Hall. Kila mmoja anamvuta upande wake: alizaliwa huku, alikulia huku, alipiga kule Belfast wakati wa machafuko ya mabomu. Kwa hiyo mnada ulipotangazwa London, hofu yetu haikuwa kwamba gitaa litanyamaza. Tuliogopa litanunuliwa na tajiri mmoja asiyejulikana, liingie kwenye sefu ya benki, tusilione tena mpaka kiama.

Makumbusho ya Taifa kuingia ni bure. Mtoto wa mtu asiye na kitu anaweza kusimama hatua mbili kutoka lilipo. Huoni tofauti kati ya sefu na kioo? Umeanza hesabu yako kwa gitaa linalopigwa jukwaani, wakati jukwaa halikuwamo kwenye orodha ya waliokuwa wananyoosha mikono kule mnadani.

SANTURI KUUKUU

Dada, hapo kwenye sefu umenipata. Nilikuwa sijalipima hivyo.

Lakini bado: kwa nini iwe ama sefu ama kioo? Fidla ya Paganini, bingwa wa fidla wa Italia, ile waliyoibatiza Il Cannone yaani mzinga, imetengenezwa 1743 na ni mali ya mji wa Genoa. Iko ndani ya kioo, sawa, lakini anayeshinda mashindano ya Paganini hukabidhiwa aipige. Ina karibu miaka 300 na haijafa. Stratocaster ya 1961 ni kitoto mbele yake.

NYUZI SITA

Fidla haina freti mzee. Gitaa la umeme kila unapolipiga nyuzi zinakula vyuma vya shingoni, na freti zikiisha utang'oa uweke mpya. Rory mwenyewe aling'oa na kubadilisha mara nyingi tu. Tazama vifunguo vya kukazia nyuzi: kimoja hakifanani na wenzake. Hata nyaya za ndani alizichezea, akabakisha kitufe kimoja cha kurekebisha toni. Ukiendelea kulipiga miaka 100 utabaki na gitaa jipya lenye cheti cha kuzaliwa cha zamani.

Na anayetaka kulipiga, Fender wenyewe wanauza nakala, iliyobanduliwa rangi kiwandani kufuata picha. (Kulipia jasho la mtu mwingine! Dunia ina mambo.)

BESI NZITO

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Gitaa, gitaa, gitaa. Freti, transista, kidole cha mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina Gerry McAvoy. Aibu yenu.

McAvoy ni kijana wa Belfast aliyeingia na besi mwaka 1971, Taste ilipokwisha kuvunjika, akakaa na Rory mpaka 1991. Miaka 20! Wapiga dramu walipita: Wilgar Campbell, Rod de'Ath, Ted McKenna, Brendan O'Neill. Kinanda kiliingia na Lou Martin mwaka 1972, kikatoka 1978. Besi haikutikisika. Rory alikuwa haandiki orodha ya nyimbo za usiku huo, anaamua papo hapo, anageuka anakutupia jicho na wimbo umeshaanza. Fikirieni kufanya kazi na bosi wa hivyo miaka 20 bila kuachwa stendi.

Sikilizeni Irish Tour '74, ile ya moja kwa moja iliyorekodiwa Belfast, Dublin na Cork wakati bendi nyingi ziliogopa hata kukanyaga Belfast. Izibeni sauti za juu, msikilize chini. Rory anapoachia gitaa lilie kwa noti moja ndefu, pale chini McAvoy hajazi nafasi kwa papara. Anatembea, hatua kwa hatua, kama mtu anayemsindikiza mlevi nyumbani usiku: hamshiki mkono lakini hamwachi aanguke. Toeni besi ile, gitaa lenu la laki tisa linabaki kelele.

Kwa hiyo swali la mada lina kasoro. Kama ni kuhifadhi sauti, mngehifadhi bendi.

NYUZI SITA

Kaka Besi, umenena, na nakubali dhambi. Ila usinitajie Irish Tour kama kilele cha mjadala. Kwangu bendi bora ni ya watu watatu. Kinanda cha Lou Martin kinapendeza, lakini kinamnyang'anya Rory nafasi. Alipokuwa na Campbell na McAvoy peke yao, ilibidi ajaze ridhimu na solo kwa mkono mmoja, na ile ahadi aliyompa mama yake dukani ndipo unaisikia ikitimizwa.

Na Rory mwenyewe nadhani aliliona. Mwaka 1978 alikuwa amekamilisha albamu kule San Francisco, kila kitu tayari, akaitupa. Akawaachia de'Ath na Martin waende, akabaki na McAvoy, akamchukua McKenna, wakarudi kuwa watatu. Nyimbo zile zilitolewa 2011, yeye keshafariki zamani.

BESI NZITO

Kwamba aliitupa si ushahidi kwamba ilikuwa mbaya. Yule bwana alikuwa na wivu na kazi yake kama kuku mwenye vifaranga. Alikataa kutoa singo Uingereza wakati wenzake wananunulia nyumba hela za singo. Januari 1975 Rolling Stones walimwita Rotterdam baada ya mpiga gitaa wao Mick Taylor kuondoka, akapiga nao siku chache, akaondoka zake kwenda Japani kwa sababu alishawaahidi watu tamasha. Wengine wangekodi ndege binafsi waombe msamaha kwa simu.

Mimi nasimama na Irish Tour. Watatu ni moto, wanne ni chakula.

BIBI TUMBA

Wajukuu mnabishana vizuri, nimecheka. Naongeza kimoja tu kwa sababu naona watu wa Unguja humu wamekaa kimya wakati jambo linawahusu.

Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, kabla hajajulikana alikuwa anaenda kumwangalia Rory akipiga na Taste kwenye klabu ya Marquee, London. Siku moja akabaki nyuma ukumbi ukiwa unafungwa, akamfuata Rory na kumwuliza sauti ile anaipataje. Rory hakumficha. Akamwonyesha: AC30 hii hapa na kile kiboksi. May amelisimulia mwenyewe. Akaenda akajaribu hivyo hivyo kwa gitaa lake alilochonga na baba yake, na sauti ile ndiyo iliyokuja kusimama nyuma ya mtoto wa Bulsara, mzaliwa wa Unguja 1946, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury.

Sasa nawauliza nyie mnaogombania kioo: siku ile Rory alimpa mwenzake nini? Mbao alibaki nazo.

MHAMIAJI WA CORK

Shikamoo bibi. Hiyo nilikuwa siijui, na naishi Cork!

SANTURI KUUKUU

Bibi, heshima yako. Naona mnataka kunizunguka wote.

Basi niseme nilipofika. Sefu naipinga kuliko kioo, hapo Mhamiaji ameshinda. Kwamba sauti ilikuwa kwenye vidole, kwenye amplifaya na kwenye besi, nakubali robo tatu. Robo iliyobaki siitoi. Mtu anapopiga chombo kimoja miaka 32 kinamfundisha. Kuna noti anaziacha kwa sababu chombo hakizipendi, kuna mahali mkono unakwenda wenyewe. Gitaa lile lilimlea Rory kiasi fulani, na mlezi huyo ndiye ninayemwona amekaa kimya ndani ya taa nyeupe.

Kwa hiyo ombi langu kwa makumbusho nalipunguza: mara moja kwa mwaka, Juni, watu wanapokusanyika Ballyshannon kwa tamasha la kumkumbuka, litolewe. Freti moja ikiisha, iishe. Alipige nani? Hapo sijui. Si lazima awe maarufu.

BESI NZITO

Apige yeyote, mradi besi apewe McAvoy.

NYUZI SITA

Na kinanda kiachwe nyumbani.

BESI NZITO

Umeanza tena.