Tupeane uzoefu: Waliotumia pramipeksoli au ropiniroli kwa Parkinson au miguu isiyotulia, yaliwakuta yapi?

Binti Mwalimu:
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Moshi vijijini, na mwaka huu ni wa sita tangu aambiwe ana Parkinson, ule ugonjwa wa mwili kutetemeka na kukakamaa. Maisha yake yote sijawahi kumwona akinunua hata tiketi ya bahati nasibu. Mwaka jana mwezi wa nne mdogo wangu akanipigia simu: "Dada, mzee kauza ng'ombe wa maziwa." Nikajua ni hela ya dawa. Nilipokwenda nyumbani nikakuta daftari lake la zamani la maandalio ya somo, limejaa majina ya timu za Ulaya hadi ligi za Korea, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Timu zilizompa hela amezipa vema, zilizomwangusha amezipiga kosa kwa kalamu nyekundu. Mzee wa miaka 68 anaamka saa nane usiku kuweka mkeka.

Nilitaka kugombana naye. Shangazi ndiye aliyesema, "Huyu si kaka yangu, mpelekeni kwa daktari."

Daktari swali lake la kwanza lilikuwa: dozi iliongezwa lini? Tukapiga hesabu. Pramipeksoli ilipandishwa hadi miligramu 3 kwa siku mwezi wa kwanza, kubeti kukaanza wa pili. Akatueleza kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson, ina kazi zaidi ya moja kichwani. Inaendesha mwendo wa mwili, na pia inaendesha hamu, ile ya "hebu jaribu tena". Dawa hii inajifanya dopamini, na haichagui mlango wa kubisha. Mkono unatulia, hamu inawaka. Wengine inawatoka kwa kamari, wengine kwa kununua vitu, wengine kwa kula, wengine kwa mambo ya chumbani.

Alipunguziwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, levodopa, dawa nyingine ya Parkinson ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, ikaongezwa kidogo kufidia. Tulikatazwa kabisa kuikata ghafla. Hata kwa mwendo huo mzee alipata shida: jasho, wasiwasi, kulia bila sababu, mtu anayetamani dawa yake kama mlevi. Sasa ni miezi minne hajagusa mkeka. Aliniambia neno moja ambalo halijanitoka: "Nilikuwa najua nakosea, ila mkono ulikuwa unatangulia."

Leteni na yenu, yawe mazuri au mabaya. Nitarudi.

Kahawa Chungu:
Mleta mada samahani, lakini hapo mzee kapata pa kujificha. Vijana wa mtaani kwetu wanabeti usiku kucha na hawajui hata Panadol.

Binti Mwalimu:
Mkuu, hata mimi nilianzia hapo hapo. Ila vijana wako hawaanzi wakiwa na miaka 68, mwezi mmoja baada ya dozi kupanda, na hawaachi dozi ikishuka.

Roda Kumi:
Mimi dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, miaka 22 barabarani. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka nikiwa na miaka 54. Nikapewa ropiniroli, na kusema kweli ilinisaidia, nilirudi kufunga vifungo vya shati mwenyewe.

Siku moja nimetoka Chalinze, jua kali, nimelala vizuri usiku, sijapiga hata mwayo. Nikazinduliwa na kelele za utingo, tairi za kushoto ziko nje ya lami zinakata majani. Usingizi wa kawaida hubisha hodi: macho mazito, kichwa kinadondoka. Huu haukubisha. Ni kama mtu kazima taa. Karatasi ya ndani ya boksi ilikuwa imeandika hilo, nami niliitupa siku ya kwanza. Wakuu, anayeendesha gari, boda au mashine ya kusaga, mwambie daktari kazi yako KABLA hajaandika dawa. Mimi sasa nina duka la vipuri. Mshahara haulingani na ule, ila nipo.

Bi Mkubwa Tanga:
Pole baba. Mama yangu yeye alianza kuona watoto wawili wamekaa mlangoni jioni. Anawaita waje wale. Ndugu wakasema nyumba ina watu, tukaingia gharama za mganga, kombe na ubani miezi miwili. Kumbe ni dawa, dozi ya wazee inatakiwa ipande polepole zaidi. Ilipopunguzwa watoto wakaondoka. Mama anasema anawakumbuka, walikuwa na adabu.

Jambo jingine: wiki za mwanzo alikuwa akiinuka kutoka sijida anapepesuka, presha inashuka ghafla akisimama. Akawa anasali amekaa kitini mpaka mwili ulipozoea.

Ukhti wa Muscat:
Assalaam alaykum. Mimi sina Parkinson, nina miguu. Asiyeujua ugonjwa huu atacheka. Ukilala tu, kama sisimizi wanatembea ndani ya mfupa, si kuwasha, si maumivu, lazima uitikise au uinuke utembee. Ukitembea inaacha, ukirudi kitandani inarudi. Nimezunguka sebule miaka.

Nikapewa pramipeksoli ya miligramu 0.125, kidonge kimoja saa mbili au tatu kabla ya kulala. Usiku wa kwanza nililala mpaka nikapitwa na Alfajiri. Nilimwombea dua aliyeitengeneza. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha miguu ikaanza kuja baada ya Isha, kisha Magharibi, kisha Alasiri niko kazini, halafu na mikono ikaingia. Nami kila ikisogea naongeza kidonge. Nilifika vinne.

Daktari wa pili ndiye aliyenifungua macho: dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa inaupalilia ugonjwa. Kila ukiongeza unatulia wiki chache, kisha unakuja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wengi hawaanzi tena na dawa za kundi hili kwa miguu, wanaanza na gabapentini au pregabalini, na kabla ya yote wanapima akiba ya chuma mwilini, ferritini. Yangu ilikuwa 14. Damu haikuwa imepungua, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, lakini kwa mtu wa miguu hii wanataka ipite 75. Nikapewa chuma, nikaambiwa nisiinywe na chai. Mswahili asinywe chai! Nikaisogeza.

Kuishusha pramipeksoli kulichukua miezi. Usiku wa kushuka sitausimulia.

Dirisha la Dawa:
Mimi ni mfamasia, nitaongeza ninayokutana nayo dirishani.

Kichefuchefu mwanzoni ni kawaida, mtu anakimbilia Plasil. Hiyo inaziba milango ileile ambayo dawa yako inajaribu kuifungua, na inaongeza kutetemeka na miguu vilevile. Domperidoni ni afadhali kwa sababu haiingii sana kichwani, ila moyo usiwe na shida. Piriton na promethazini za mafua zinaamsha miguu, wengi hawajui. Anayetumia ropiniroli akiandikiwa Cipro, ile antibiotiki, aseme, maana inapandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Pramipeksoli inatolewa na figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu anahitaji dozi ndogo zaidi. Vidonge vya kuachia dawa taratibu havisagwi wala havivunjwi.

Na tafadhali someni desimali. Pramipeksoli ina vidonge vya miligramu 0.125, 0.25 na 1. Nimeona mtu ametumia cha 1 akidhani ni 0.125, yaani mara nane.

Msafiri wa Leeds:
Hapo kwenye desimali naomba msaada. Namtumia mama dawa kutoka Uingereza, boksi limeandikwa 0.18. Ya Dar ni 0.25. Amekuwa akinywa moja na nusu "kufikisha".

Dirisha la Dawa:
Mwambie aache hiyo nusu na ampigie daktari wake leo amweleze. Ni kidonge kilekile. Ulaya boksi linaandika uzito wa dawa tupu, kwingine wanaandika pamoja na chumvi yake. 0.088 ya huko ni 0.125 ya huku, 0.18 ni 0.25, 0.7 ni 1.

Msafiri wa Leeds:
Ya Rabi. Nampigia sasa hivi.

Mke wa Mtu:
Nimefungua akaunti kwa ajili ya hili. Mleta mada umegusa mambo ya chumbani ukapita haraka. Mume wangu ana miaka 61. Baada ya hiyo dawa amekuwa bwana harusi asubuhi, mchana na usiku, nikikataa ananuna, juzi nimekuta meseji za wanawake wengine. Nilijua ni uzee umemharibu. Namwambiaje daktari mbele yake?

Ukhti wa Muscat:
Dada, pole. Mpigie daktari peke yako kabla ya siku ya kliniki, au mwandikie karatasi umpe nesi. Madaktari wa ugonjwa huu wanalijua hili, hutamshangaza. Usimfiche vidonge.

Kahawa Chungu:
Nauliza kwa nia njema sasa. Babu yangu anasaga mbegu za upupu, anasema zinamsaidia kutetemeka. Ni uongo?

Dirisha la Dawa:
Si uongo, mkuu. Mbegu za upupu zina levodopa kweli. Tatizo ni kwamba kijiko cha leo si sawa na cha kesho. Kama anatumia na vidonge, daktari ajue.

Binti Mwalimu:
Ahsanteni wote. Kliniki ya mzee ni Alhamisi, na nimeandika maswali saba kutoka hapa. Dada Mke wa Mtu, nimekutumia ujumbe pembeni.

Jana mzee kaniuliza Simba wamepata ngapi. Nikamjibu, kisha nikaenda kuangalia salio la simu yake. Lilikuwa lilelile.