Mama kaziba mfereji wa nyongo, fizi zinatoka damu. Utumbo unahusikaje?

BintiMakorora
Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni ushauri, usiku sipati usingizi.

Mama ana miaka 58, tuko Makorora hapa Tanga. Hii wiki ya tatu macho yake ni manjano kama yamepakwa binzari. Mkojo mweusi kama maji ya ukwaju, choo kimepauka kama udongo wa mfinyanzi. Mwasho ndio unaniliza: anajikuna viganja kwa gunzi la mahindi, na asubuhi nakuta shuka lina vidoa vya damu. Zahanati walimtibu malaria mara mbili. Altrasaundi ndiyo iliyoonyesha kijiwe kimekwama kwenye mfereji mkuu wa nyongo. Tumepewa rufaa Muhimbili, tunatakiwa Jumatatu.

Daktari alizungumzia utumbo muda mrefu, sikuelewa. Kijiwe kiko huko kwenye ini, utumbo umeingiaje? Halafu tangu jana akipiga mswaki fizi zinatoka damu, inachelewa kukata. Na shangazi kaleta jagi la mafuta ya zeituni na ndimu, pamoja na unga wa mlonge, eti vinaondoa sumu. Nimpe?

Mgosi_wa_Pongwe
Pole dada. Hiyo homa ya manjano, baba alikunywa juisi ya miwa ikaisha. Mpe.

NesiMstaafu
Mgosi, taratibu kaka yangu. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Huyu mama ana umanjano wa nyongo iliyokosa njia, na miwa haisukumi kijiwe.

Binti, pole mwanangu. Anza na fizi, maana hizo hazingoji Jumatatu. Nyongo ndiyo inayoyeyusha mafuta tumboni, na vitamini A, D, E na K huingia mwilini pamoja na mafuta hayo. Isipofika utumbo, K haifyonzwi, na bila K ini haliwezi kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Nenda hospitali kesho asubuhi, waambie habari ya fizi, waombe wapime muda wa damu kuganda. Kwa kawaida huchomwa sindano ya vitamini K. Akipona kutoka damu baada ya sindano, ni dalili nzuri kwamba ini lenyewe bado lina nguvu.

Mwanamaabara_Chumbageni
Naongeza kwenye swali la utumbo, kwa sababu daktari wenu alikuwa sahihi kabisa.

Ini hutoa nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Rangi ya choo inatokana nayo, ndiyo maana cha mama kimepauka. Ila kazi ambayo watu hawaijui ni ya ulinzi: chumvi za nyongo huzuia bakteria wa utumbo wasizaliane ovyo, na husaidia kuta za utumbo zibaki imara. Zikikosekana, bakteria huongezeka, kuta hulegea, na vipande vya bakteria hupenya kuingia kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Na ini lenyewe limeshajaa nyongo iliyorudi nyuma, askari wake wamechoka.

Hapo ndipo penye kile wanachokiita msongo wa oksidesheni. Nyongo iliyotuama huharibu mitambo ya nishati ndani ya seli za ini, nayo huanza kutoa chembe kali zinazounguza seli jirani. Kinga ya seli, glutathioni, inapungua. Vitamini E ambayo ingesaidia nayo haifyonzwi. Kwa panya wa maabara waliofungwa mfereji huu, uharibifu umeonekana kwenye ini, utumbo na figo pia.

Kwa hiyo mlonge ni mboga nzuri, lakini moto hauzimwi huku bomba la mafuta likiendelea kumwaga. Dawa ni kufungua njia: hupitisha kamera mdomoni hadi kwenye tundu la mfereji, wakakivuta kijiwe au wakaweka kijibomba. Jagi la shangazi liache. Mafuta huamsha mfuko wa nyongo ukajikamua, na maumivu yake mama hatayasahau.

NesiMstaafu
Na diklofenaki, zile dawa za maumivu za dukani, msimpe, figo zake ziko hatarini tayari. Akipata homa na kutetemeka, hata saa nane usiku, mtoke. Hiyo ni nyongo iliyoingia wadudu, inaua haraka.

BintiMakorora
Asanteni sana. Nimetoka hospitali sasa hivi, damu ilikuwa inachelewa kuganda kweli, kachomwa sindano. Daktari kasogeza rufaa, tunaondoka kesho na gari la hospitali. Shangazi nimemwelewesha, kasikitika, ila jagi kalichukua mwenyewe. Mama anauliza kama anaruhusiwa mchuzi wa nazi.

NesiMstaafu
Mwambie avumilie kidogo. Uji mwepesi, wali na samaki wa kuchemsha, kidogokidogo, mpaka njia ifunguliwe. Usiku wa kuamkia kipimo watakwambia asile kabisa. Na beba picha za altrasaundi na majibu yote ya damu, usiache hata karatasi moja nyumbani.

BintiMakorora
Nimeziweka kwenye bahasha, iko juu ya begi lake.