Mama wa kambo, mbwa mwitu na sungura: tuzisafishe hadithi za watoto?

MLETA MADA
Wadau, hoja hii haiishi: hadithi za kale zimejaa ukatili na ulaghai, basi zisafishwe kabla mtoto hajasomewa. Napinga, na si kwa sababu ati ni urithi usioguswa. Zimeguswa sana. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812, wakaendelea kuubadilisha hadi toleo la 1857. Katika lile la kwanza Rapunzel, binti aliyefungiwa mnarani, analalamika kwamba nguo zinambana, na mtu mzima anaelewa kuwa ana mimba. Maneno hayo yakaondolewa. Lakini malkia wa kisa cha Snow White, anayetaka binti huyo auawe na mwishowe anavalishwa viatu vya chuma vya moto na kucheza mpaka afe, aliachwa vilevile! Mtu mzima akisafisha, huondoa kinachomtia aibu yeye. Kinachomdhuru mtoto ni suala jingine.

Tazameni na kisa cha Binti Kofia Nyekundu. Mfaransa Charles Perrault alipokichapisha mwaka 1697, mbwa mwitu alimla bibi, akamla mjukuu, hadithi ikaishia hapo. Zikafuata beti za kuonya kwamba mbwa mwitu wa kuogopwa zaidi ni wale wapole, wenye maneno matamu, wanaowaandama mabinti mpaka majumbani. Mwindaji mwenye mkasi, anayempasua mnyama na kumtoa mtoto mzima, tunaye kwa akina Grimm. Sasa nani anamlinda mtoto, Perrault au yule mwindaji? Watoto wengi hudhuriwa na watu wanaowafahamu, si majitu ya porini.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe unayeitwa mama wa kambo. Ninalea mtoto ambaye sikumzaa. Kabla hatujazoeana aliniuliza kama nitakwenda kumtupa msituni. Nilikuwa sijamkaripia hata mara moja. Hofu hiyo aliikuta kitabuni.

Na hao Grimm unaowataja, umeruka jambo lao kubwa kuliko yote. Mwaka 1812 aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Toleo la 1819 likamgeuza mama wa kambo. Hansel na Gretel, wale watoto wanaotupwa msituni, vivyo hivyo: mwanzoni anayetaka watupwe ni mama tu, baadaye akawa wa kambo. Heshima ya mama mzazi ililindwa kwa kutubebesha sisi mzigo. Kwa hiyo marekebisho yalishafanywa, tena dhidi yangu. Mimi nikisoma nasema "malkia", basi, na hadithi haipungukiwi kitu.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnahangaika na malkia, sungura je? Kuna kile kisa cha njaa ambapo anamshawishi fisi kwamba kila mmoja amuue mama yake. Fisi anamuua wake kweli, sungura anamficha wa kwake. Na tunacheka! Halafu mtoto akidanganya tunashangaa kajifunzia wapi.

MLETA MADA
Dada, ukisema "malkia" unafanya kazi ya msimuliaji, na wasimuliaji wamefanya hivyo tangu zamani. Ugomvi wangu ni na kitabu kinachomfanya malkia asiwe mwovu kabisa, awe tu na huzuni zake.

Ndugu wa sungura, mtoto ni mdogo kati ya watu wakubwa, lazima ampende mnyama mdogo anayemzidi simba akili. Hapo sioni ubaya. Ila hicho cha mama wa fisi hata mimi siwasimulii wadogo. Fisi hakuwa amemkosea mtu.

MCHANGIAJI WA TATU
Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alitaka hadithi zichujwe, walezi wapewe zilizokubaliwa tu. Swali ni nani ashike chujio. Mimi napendelea hadithi isiyomalizia kwa kuhubiri. Katika ngano za Zanzibar alizochapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 yumo paa anayemtoa maskini jalalani, akampatia jumba, mali na binti wa sultani. Paa akaugua. Yule maskini, sasa tajiri, akaamuru apewe uji duni, na alipokufa akatupwa kisimani. Siku moja tajiri akajikuta yuko jalalani tena, anachakura kama zamani. Hakuna aliyechomwa moto, na mtoto hahitaji kuambiwa kosa liko wapi.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Hiyo ya paa ni nzuri. Lakini wote mnazungumza kana kwamba msimuliaji yupo daima. Wangu sasa anasoma mwenyewe, na katuni anatazama peke yake. Huko nani atabadilisha neno?