Nyanya zinanyauka ilhali shamba limejaa maji (Hombolo)

Wakuu, kipande changu ni udongo wa mbuga. Maji ya mvua yametuama, nyanya zangu za mbegu ya Tengeru 97 zimelegea kama zina kiu, na ukikanyaga buti linabaki humo humo. Bamia za jirani hazina habari. Nibadilishe mbegu?

MamaBustani: Pole ndugu. Mizizi imekosa hewa, haiwezi kufyonza maji yaliyoizunguka. Usitie urea sasa. Tengeru 97 inasifika kwa kuvumilia mnyauko fuzari (ugonjwa wa ukungu wa udongoni) na minyoo fundo inayoshambulia mizizi. Maji kutuama ni habari nyingine, ila muuza mbegu atakwambia "inavumilia" akanyamaza hapo!

Mgogo_wa_Bahi: Dawa ni kubebesha nyanya juu ya shina la biringanya, kwa sababu mizizi yake huhimili maji siku kadhaa. Kituo cha Mboga Duniani kilipendekeza biringanya aina ya EG203 kwa kazi hiyo. Kuipata hapa Dodoma ni shughuli. Mimi masika napanda magimbi kandokando ya majaruba, nyanya nangoja mvua zikatike.

Muulizaji: Na matuta?

Mgogo_wa_Bahi: Kimo sentimita 30, mfereji uelekee mteremko. Chimba leo.