Diskasi wadogo hawakui kwenye akwariamu yenye mimea: nianzie wapi?

Kijana_wa_Ntinda

Habari zenu wafugaji. Akwariamu ni ya lita 200, iko Ntinda, Kampala. Chini kuna udongo mweusi wa mimea wa sentimita 6, taa huwaka muda wa saa 10 kwa siku, kuna gesi ya kabonidioksaidi na filta moja ya nje. Diskasi, samaki bapa wa mapambo, ni 8. Waliingia wakiwa na sentimita 5, na sasa wiki ya 7 wamefika 6 tu. Wanalishwa chembe kavu asubuhi na jioni. Hita ni moja ya wati 200. Kipimajoto husoma 26 asubuhi na 27 jioni. Nabadilisha asilimia 30 ya maji kila Jumapili. Vipimo vya uchafu majini, kwa miligramu kwa lita: amonia 0, nitriti 0, nitrati 40.

Wawili macho yamekuwa makubwa mno kwa mwili wao. Mmoja amekuwa mweusi, anajificha nyuma ya gogo, kinyesi chake ni cheupe kama uzi. Wale wa aina ya Pigeon Blood wametoka vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Kama kuna njia ya kuwaokoa bila kung'oa mimea yote, nitashukuru.

Fundi_wa_Jinja

Ndugu, anza na joto. Diskasi asili yake ni bonde la Amazoni, na mtoto wake anataka digrii 29 hadi 30. Kwenye 26 chakula hakisagiki vizuri, hamu ya kula inapungua na vimelea vya utumbo vinapata mwanya. Pandisha digrii 1 kwa siku, usizidishe. Hita ziwe mbili za wati 150, moja kila upande. Moja ikifa, ya pili inashikilia. Moja ikigoma kuzimika, haina nguvu ya kuwachemsha upesi kama ingekuwa moja kubwa.

Ila joto hilo linakula oksijeni, na kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji ya digrii 29 yakishiba hewa kabisa hubeba miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita, wakati Mombasa yangebeba 7.7. Usiku mimea nayo haitoi oksijeni, inavuta. Ukiongeza gesi juu ya hapo, alfajiri utawakuta wanahema juu ya maji. Funga gesi mpaka samaki wafike angalau sentimita 10, na weka filta mbili za sponji zenye pampu ya hewa zifanye kazi usiku kucha.

Adui wako mkubwa hasa ni ule udongo. Diskasi mdogo anakula mara nyingi, mabaki yanazama kati ya chembe, yanaoza, na mpira wa kunyonyea uchafu hauyafikii. Mimea usiitupe, ihamishe. Nunua vyungu vya udongo vya kipenyo cha sentimita 15, viloweke siku mbili, weka udongo wako sentimita 5 kisha funika na kokoto zilizooshwa sentimita 2. Humo panda Echinodorus na Cryptocoryne. Anubias na kangaga la Java (Java fern) zifunge kwa uzi juu ya gogo; lile shina lake linalolala usilifukie, litaoza. Zote hizi zinavumilia digrii 29. Mimea myekundu yenye majani membamba mingi itakusumbua tu. Taa punguza hadi saa 7 au 8, la sivyo mwani wa kijani utakushinda.

Siku ya kutoa udongo, samaki wakae kwenye beseni kubwa la maji ya akwariamu hiyohiyo, na hita na pampu ya hewa. Usiutoe wakiwa ndani: udongo uliokaa ukivurugwa unaachia amonia kwa wingi. Filta ya nje usiioshe siku hiyo wala wiki hiyo, maana bakteria wako wote wanaokula amonia sasa watakuwa humo. Sakafu iache wazi, au weka mchanga mweupe usiozidi sentimita 1.

Zile pilipili kwenye Pigeon Blood si ugonjwa. Aina hiyo hutoa madoa ikikaa juu ya sakafu nyeusi au mbele ya ukuta mweusi. Bandika karatasi ya samawati isiyokoza nyuma ya kioo. Madoa hufifia taratibu.

Mama_Ngege

Naongezea kwa maji na chakula, kwa sababu hapo ndipo ukuaji ulipo. Mdogo wangu, mara mbili kwa siku ni lishe ya samaki mzima. Wa sentimita 6 apewe mara 5, kidogo kidogo, kiasi wanachomaliza kwa dakika 5. Baada ya dakika 15 nyonya kilichobaki.

Chembe kavu ziendelee mara 3. Milo 2 iwe ya moyo wa ng'ombe. Chukua nusu kilo ya moyo, toa mafuta yote na mishipa yote myeupe. Mafuta ya ng'ombe yanaganda tumboni mwa samaki na yanaacha utando juu ya maji. Ongeza gramu 250 za mnofu wa ngege (tilapia) uliotiwa kwenye maji ya moto dakika 3, gramu 100 za dodo (mchicha) iliyochemshwa na kukamuliwa, na punje 2 za kitunguu saumu. Saga, changanya na gramu 20 za jelatini iliyoyeyushwa, tandaza ndani ya mfuko wa plastiki uwe mwembamba wa milimita 5, gandisha. Unavunja kipande kama biskuti. Mukene (dagaa) waliokaushwa wanafaa pia, lakini wale wa kuanikwa chini wana mchanga. Tumia walioanikwa juu ya nyavu, na uwachambue kabla ya kusaga.

Ukilisha hivyo, kubadilisha maji Jumapili kwa Jumapili hakutatosha. Toa asilimia 40 kila siku, yaani lita 80, jerikani 4. Najua wapo wanaosema asilimia 25 inatosha. Inatosha kuwaweka hai. Kwa kuwakuza, nitrati isipite 20, na kwa milo 5 hutaibakiza hapo kwa jerikani mbili na nusu.

Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na kwa asili ni laini, kwa hiyo usihangaike na mashine za kuchuja chumvi. Hizo ni za wanaotaka mayai yaanguliwe. Kinachoua ni klorini. Acha maji kwenye pipa yakiwa na pampu ya hewa saa 24, au tumia sodiamu thiosalfeti: gramu 1 kwa lita 100 inamaliza klorini ya miligramu 1 kwa lita na ziada inabaki.

Joto la maji mapya nalo. Ukimwaga lita 80 za digrii 24 kwenye 120 za digrii 29, tangi zima linashuka hadi 27 kwa dakika chache. Kama bomba lina digrii 22, weka lita 18 za baridi kwanza ndani ya jerikani, halafu lita 2 za maji yaliyochemka. Utapata 29 na kidogo.

Wale wawili wenye macho makubwa, nikuambie ukweli: jicho linaendelea kukua mwili unaposimama. Watanenepa, watapata rangi, lakini sidhani watafika sentimita 15. Wengine 6 bado wana nafasi, ukianza wiki hii.

Daktari_wa_Mapezi

Yule mweusi mtenge leo. Kinyesi cheupe cha uzi pamoja na kukataa chakula mara nyingi ni vimelea vya utumbo vya jamii ya Hexamita. Dawa ni metronidazoli, ile ya duka la dawa. Tangi la lita 60 lisilo na kitu chini, digrii 32 ukizifikia polepole, pampu ya hewa kali. Kidonge cha miligramu 200 kwa kila lita 30, kisagwe na kiyeyushwe kwanza. Kila siku badilisha nusu ya maji na urudishe dawa ya maji uliyotoa, siku 5 hadi 7. Kama bado anakula, changanya gramu 1 ya dawa kwenye gramu 100 za ule moyo. Dawa ikiingia tumboni inafanya kazi kuliko iliyo majini.

Watazame pia wakihema. Anayetumia shavu moja huku jingine limefungwa, au anayejikuna kwenye majani, ana minyoo ya mashavu. Hapo dawa ni prazikwanteli, ileile ya kichocho. Kidonge cha miligramu 600 kwa lita 200 kinatoa miligramu 3 kwa lita. Rudia baada ya siku 7, kwa sababu dozi ya kwanza haigusi mayai.

Kijana_wa_Ntinda

Asanteni sana. Mawili ya mwisho. Umeme ukikatika usiku nifanye nini? Na je, naweza kutumia chumvi ya Katwe (ile ya ziwa la chumvi la magharibi mwa Uganda), na mimea inayoelea niliyoiona Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria?

Fundi_wa_Jinja

Umeme ukikatika, hewa ndiyo ya kwanza, joto la pili. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe na uiunganishe na sponji, ili bakteria nao wapate hewa. Filta ya nje ikizima zaidi ya saa chache, mwaga maji yaliyo ndani yake kabla ya kuiwasha tena. Yamekosa oksijeni na yananuka. Kwa joto, funika tangi kwa blanketi pande zote ukiacha mwanya juu. Jerikani ya lita 5 yenye maji ya digrii 60, ikiwa imefungwa vizuri na kuelea ndani, inaongeza karibu digrii 0.8 kwa lita 200. Usilishe mpaka umeme urudi.

Chumvi ya Katwe hapana. Ina kabonati na salfeti, itapandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji: ikipanda, uasidi umepungua), na pH ikipanda amonia kidogo tu inageuka sumu. Mimea ya Ggaba pia iache ziwani: inakuja na konokono na mayai ya vimelea, na wapo konokono wa Ziwa Victoria wanaobeba kichocho. Mikono yako ndiyo itakayoingia kwenye maji hayo kila siku.

Mama_Ngege

Na pima samaki kila Jumamosi, mkia ukiwemo. Chora mistari ya sentimita kwenye kioo cha nyuma uwasome wakipita, usiwatoe kwa nyavu. Kwa umri huo ukipata sentimita 1 kwa mwezi au zaidi uko sawa. Wakifika 10, bakiza 5 kwa hizo lita 200 au utafute tangi la 400.